Uzi: Kwa nini Unguja, kisiwa tambarare, kinamchosha mpanda baiskeli kuliko milima ya Bukavu?

1. Mpanda Mlima (Bukavu)

Salamu kwa wakubwa na wadogo. Mimi huendesha baiskeli kila siku kutoka Panzi hadi Nyawera, na Jumapili, mvua ikiniruhusu, hufika Kavumu na kurudi. Nilipopata likizo mwezi wa saba nikaamua kuizunguka Unguja kwa baiskeli, nikiamini kwamba nakwenda kupumzika, kwa sababu ramani inaonyesha kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi ambacho sehemu yake ya juu kabisa haifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Mtu anayeishi kwenye mita 1,500 na kupanda na kushuka kutwa nzima ataogopa nini hapo?

Nilikodi baiskeli mjini, karibu na Darajani, nikaenda Nungwi kwa njia ya Mahonda na Mkokotoni, na safari hiyo haikunisumbua. Shida ilianza nilipoanza kushuka upande wa mashariki kupitia Matemwe, Kiwengwa, Pongwe na Chwaka, nikiwa na nia ya kuizunguka ghuba kupitia Jozani ili nifike Paje na Jambiani. Baina ya Kiwengwa na Pongwe nilishuka na kuanza kuisukuma baiskeli kwa mkono, kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na mlima wowote, huku mzee mmoja mwenye tenga la samaki nyuma ya baiskeli yake akinipita taratibu na kunisalimia kwa heshima zote. Nilimwitikia kwa shida, kwa sababu pumzi sikuwa nayo.

Ninawauliza wale waliowahi kupita njia hiyo: ni kitu gani kinachomchosha mtu wa milimani katika kisiwa kisicho na milima? Ninataka kurudi, lakini ninataka kwanza kuelewa.

2. Mkongo wa Bububu (Unguja)

Ndugu yangu, ulikuja mwezi wa saba, ukaelekea kusini, na bado unauliza? Kilichokuchosha kinaitwa kusi. Huku mwaka unagawanywa na pepo mbili: kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, na kusi, unaovuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia baada ya masika hadi karibu na mwezi wa kumi. Mwezi wa saba kusi uko katika nguvu zake. Ulipokuwa ukienda Nungwi ulikuwa umeupa mgongo, nao ukakusukuma bila wewe kuushukuru. Ulipogeuka kushuka mashariki, ukakutana nao uso kwa uso, na upande ule hakuna mlima wa kuuzuia, kwa sababu ni uwanda wa mawe ya matumbawe na vichaka vifupi hadi pwani.

Ukitaka ushahidi, jiulize kwa nini watu hutoka Ulaya na kujazana Paje kati ya mwezi wa sita na wa tisa ili wavutwe juu ya maji na tiara kubwa. Upepo unaomnyanyua mtu mzima kutoka majini hauwezi kumwacha mpanda baiskeli apite hivi hivi.

3. Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Asante kwa maelezo ya upepo, lakini kabla ya kuulaumu upepo tuiulize baiskeli. Mpanda Mlima, ile ya kukodi ilikuwa na gia ngapi? Tairi zilikuwa zimejaa sawasawa, au ukizibonyeza kwa kidole gumba zinaingia ndani? Ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedali ya chini kabisa, goti lilinyooka au lilibaki limekunjwa?

Nimetengeneza baiskeli kwa miaka mingi na ninajua jambo moja kuhusu za kukodisha popote pale: tandiko huachwa chini ili kila mteja alifikie, mrefu kwa mfupi. Mtu anayeendesha goti likiwa limekunjwa muda wote hutumia paja peke yake, na paja hilo huungua kabla ya mapafu kuchoka. Mlimani husikii sana, kwa sababu husimama juu ya pedali. Kwenye tambarare unakaa, na ukikaa juu ya tandiko la chini kwa saa nyingi, hata barabara ya kuteremka itakuonea.

4. Mwalimu wa Fizikia (Goma)

Ninamuunga mkono Mkongo wa Bububu, na ninaomba niongeze hesabu kidogo. Kani ya hewa inayompinga mpanda baiskeli haiongezeki sambamba na mwendo, bali inaongezeka kwa mraba wake. Ukienda kilomita 18 kwa saa katika hewa tulivu, hewa inakupinga kwa kiasi fulani. Ukienda mwendo uleule huku upepo wa kilomita 18 kwa saa ukikujia usoni, mwili wako unakutana na hewa inayopita kwa kilomita 36 kwa saa, na upinzani unakuwa mara nne. Wanaofikiri kwamba upepo wa kurudi utawalipa wanajidanganya, kwa sababu unapopingwa unakwenda polepole na kukaa muda mrefu katika mateso, na unaposaidiwa unapita haraka, hivyo msaada unakuwa wa muda mfupi.

Kuna jambo lingine ambalo halijatajwa. Hewa ya usawa wa bahari ni nzito kuliko ya kwetu kwa zaidi ya asilimia 10. Sisi watu wa Kivu tumezoea kuipasua hewa nyepesi, na tukishuka pwani tunakutana na hewa nene. Kwa hiyo hata siku isiyo na upepo, mwenzetu angelipa kitu fulani.

5. Muuguzi wa Bagira (Bukavu)

Mwalimu, shikamoo, lakini hoja yako ya hewa nzito ina upande wa pili ambao umeuruka. Hewa hiyohiyo nzito inabeba oksijeni nyingi zaidi katika kila pumzi. Huku kwetu shinikizo la hewa ni takriban asilimia 84 ya lile la pwani, na ndiyo maana wanariadha huja kufanya mazoezi milimani na kushindana kwenye nyanda za chini. Kama hewa ingekuwa ndiyo sababu, Mpanda Mlima angeruka kama swala akifika Unguja.

Mimi ninaona joto na unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Linapoza kwa kukauka. Bukavu jasho hukauka kabla hujalifuta. Pwani hewa imeshiba maji tayari, kwa hiyo jasho linachuruzika hadi kwenye viatu na mwili unabaki na joto lake, moyo unapeleka damu nyingi kwenye ngozi, na misuli inapata pungufu. Tena jasho hilo linaondoka na chumvi. Mtu anayekunywa maji matupu chupa baada ya chupa bila kula kitu chenye chumvi anaweza kusikia miguu ikilegea, kichwa kikiuma na kichefuchefu, akadhani ni upepo. Mpanda Mlima, naomba utuambie ulikula nini na mkojo wako ulikuwa wa rangi gani. Usione haya, ndiyo maswali tunayouliza kazini.

6. Chukudu Moja (Goma)

Uzi ulianza na Unguja, sasa tumefika kwenye mkojo. Mimi ninashauri ndugu yetu aende na chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo: haina gia ya kubishania, haina tandiko la kupimwa na fundi, na upepo ukikataa unaigeuza kuwa benchi na kukaa.

7. Dada wa Birere (Goma)

Ninashukuru kwa elimu yote hii, ila nina kesi inayowapinga wengi wenu. Mimi na mwenzangu tulizunguka mwezi wa nane, wakati wa kusi hiyohiyo, lakini kwa kinyume: tulianzia mjini, tukaenda Makunduchi, kisha tukapanda pwani ya mashariki kuelekea kaskazini hadi Nungwi. Kwa maelezo ya Mkongo, upande wa mashariki tulipaswa kupaa. Hatukupaa. Tulichoka vibaya sana, na baiskeli zetu zilikuwa nzuri, zenye gia, zilizopimwa vizuri kwa urefu wetu.

Nitaeleza tulichoka wapi, kwa sababu nadhani mahali panasema kitu. Kutoka mjini hadi karibu na Bungi, penye ile miembe mikubwa inayohusishwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said, tuliendesha kivulini tukiongea na kucheka. Jozani vilevile, msitu uko pande zote, na matuta ya barabarani yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju yanakulazimisha kupunguza mwendo, nawe unajikuta unapumzika bila kupanga. Kuanzia hapo kwenda pwani ya mashariki kivuli kinakwisha. Barabara ni nyeupe, mawe ni meupe, mchanga ni mweupe, na mwanga unakupiga kutoka juu na kutoka chini. Macho ndiyo yalichoka kwanza, kisha kichwa, kisha miguu. Tena sisi tulikuwa tumejifunika kwa heshima ya vijiji tunavyopita, suruali ndefu na mtandio, na hilo ninalipendekeza kwa wote, wanaume na kaptula zao wakiwemo, lakini siwezi kusema lilitupunguzia joto.

Kwa hiyo mimi ninasema ni kivuli. Unguja ya magharibi ina minazi, mikarafuu na miembe. Ya mashariki ina vichaka tu.

8. Mkongo wa Bububu (Unguja)

Dada wa Birere, nimekusoma kwa makini, na bado siuachii upepo. Kutoka mjini kwenda Makunduchi mnaelekea kusini-mashariki, yaani kule kusi inakotoka. Siku yenu ya kwanza mlipambana nayo kilomita zaidi ya 60 mkidhani ni barabara tu, kwa sababu miti iliwaficha. Uchovu mliousikia mashariki mliununua magharibi, mkaulipa baadaye. Zaidi ya hapo, kusi ikiwa na upande wa mashariki ndani yake hukupiga ubavuni mnapopanda pwani, na upepo wa ubavu unamnyima mtu raha kwa sababu muda wote anashikilia usukani usimtoroke.

Mliondoka saa ngapi asubuhi? Alfajiri upepo huwa umelala. Jua likipanda na nchi kavu ikipata moto, bahari nayo huongeza upepo wake juu ya ule wa msimu, na kufikia adhuhuri unakuwa na nguvu. Wavuvi wetu wanalijua hilo, na mwendesha baiskeli anapaswa kuwafuata wavuvi, siyo ratiba ya chai ya hoteli.

9. Dada wa Birere (Goma)

Tuliondoka saa tatu, baada ya chai ya hoteli. Lakini upepo wa kulipa kwa mkopo ndiyo kwanza ninausikia leo.

10. Mtoto wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ninyi watu wa Kivu mnanichekesha. Mmetaja upepo, tandiko, chumvi na kivuli, lakini hamkuitaja sababu iliyo mbele ya macho yenu, nayo ni kwamba hamjui kuendesha kwenye tambarare.

Mtu wa Bukavu anapanda dakika chache kwa nguvu zote, kisha anashuka amekaa tu, breki mkononi, miguu imetulia. Kila siku yake ni kazi na pumziko, kazi na pumziko. Kwenye tambarare pumziko hilo halipo. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama. Njooni Lubumbashi muwaone watu wanaoleta makala (makaa) mjini kwa kinga, yaani baiskeli, magunia yamepangwa nyuma hadi kichwa cha mwendeshaji hakionekani ukiwa nyuma yake. Hao hawakimbii hata mara moja. Wanakanyaga kwa mwendo mmoja tangu gizani hadi sokoni, na penye kilima kidogo wanashuka na kusukuma bila kuona aibu. Mzee wa samaki aliyempita Mpanda Mlima ni wa ukoo huo.

Mimi nilikwenda Unguja mwezi wa kwanza, kwa njia ya Kasumbalesa na treni ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi, ambayo ni safari ya kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam, kwa hiyo nilifika nikiwa nimechoka tayari. Nikaendesha kutoka Nungwi hadi Makunduchi kwa mwendo wa kawaida. Jua lilinichoma, ndiyo, lakini miguu haikunisumbua.

11. Mwalimu wa Fizikia (Goma)

Mtoto wa Kamalondo, mwezi wa kwanza unavuma kaskazi. Ulitoka Nungwi kwenda Makunduchi ukiwa na upepo mgongoni. Ushahidi wako ni wetu.

12. Mtoto wa Kamalondo (Lubumbashi)

Na joto la mwezi wa kwanza, ambalo ni kubwa kuliko la mwezi wa saba, ni ushahidi wa nani? Kama Muuguzi ana haki, mimi nilipaswa kulazwa.

13. Mpanda Mlima (Bukavu)

Asanteni nyote kwa kulichukua swali langu kwa uzito. Ninajibu niliyoulizwa. Baiskeli ilikuwa na gia moja, ya chuma, ile nzito yenye breki za fimbo. Tandiko lilikuwa chini na bolti yake ilikuwa imeliwa na kutu, haikukubali kugeuka. Nilikunywa maji mengi, na mchana nilikula ndizi na maembe, kwa hiyo chumvi haikuwemo. Rangi iliyoulizwa na Muuguzi ilikuwa nyeupe kama maji yenyewe.

Lakini ninawaomba mzingatie kwamba baiskeli hiyohiyo, tandiko hilohilo na ndizi hizohizo vilinifikisha Nungwi bila tatizo, umbali wa karibu kilomita 60. Maelezo yoyote yasiyotofautisha safari ya kwenda na ya kurudi hayanitoshi. Hoja ya upepo inatofautisha. Hoja ya kivuli inatofautisha pia, kwa sababu upande wa Mahonda kulikuwa na miti na mashamba ya miwa. Hapo ndipo nimekwama.

14. Muuguzi wa Bagira (Bukavu)

Rangi nyeupe kabisa baada ya saa nyingi za jasho inamaanisha ulikuwa unakunywa kupita kiasi bila chumvi. Na chumvi haiishi siku ya kwanza, kaka, inaisha taratibu, ndiyo maana ulifika Nungwi salama ukaangukia Kiwengwa. Hoja yangu nayo inatofautisha. Kule kuna urojo, kuna samaki wa kukaanga, kuna mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili. Ungekula huo, na dafu juu yake, tungekuwa na uzi mfupi.

15. Mwana Idjwi (Idjwi)

Ninauliza kwa upole: kwa nini kuvuka nchi nzima kwenda kutafuta kisiwa, wakati Idjwi ipo mbele ya Bukavu na Goma, boti zinakwenda, mananasi yapo, na ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya maziwa ya Afrika? Barabara yetu ni ya udongo, ni kweli, lakini magari ni ya kuhesabu, na hakuna kusi wala kaskazi ya kumtesa mtu.

16. Mzee wa Nguba (Bukavu)

Mwanangu wa Idjwi, kisiwa kikubwa zaidi ni Ukerewe, kule Ziwa Victoria. Idjwi ni ya pili. Lakini hata ya pili si haba. Nimeizunguka kwa baiskeli nikiwa na nguvu zangu, na ninathibitisha kwamba haina upepo wa bahari. Ina tope jekundu ambalo mvua ikinyesha hujaa kati ya gurudumu na chuma mpaka gurudumu haligeuki, nawe unatafuta kijiti cha kulichokonoa kila baada ya hatua chache. Kila kisiwa kina ushuru wake.

Kuhusu Unguja, nina jambo ambalo vijana hamkuligusa. Tanzania wanapita kushoto. Sisi tumezaliwa tukipita kulia, na mwili unajua hivyo bila kuulizwa. Mtu anapoendesha kushoto kwa mara ya kwanza, akili yake haipumziki hata dakika: kila mzunguko wa barabara anafikiri upya, kila daladala linalopiga honi nyuma yake analitafuta upande usio wake, mabega yamepanda hadi masikioni na mikono imeubana usukani. Jioni anasikia uchovu wa mwili mzima na kuuweka kwenye miguu. Nimewaona madereva wetu wa malori wakirudi kutoka Dar es Salaam, nao hawakukanyaga pedali yoyote, lakini wanasema jambo hilohilo kuhusu safari yao ya kwanza.

17. Mkongo wa Bububu (Unguja)

Mzee, shikamoo. Hoja ni nzuri, lakini daladala nyingi ziko upande wa mjini, Bububu na Mahonda, ambako mwenzetu alipita bila shida. Kiwengwa hadi Pongwe unaweza kupita muda mrefu ukiwa na mbuzi peke yao.

18. Mzee wa Nguba (Bukavu)

Marahaba. Na hofu hushuka lini, mwanangu: wakati wa hatari, au hatari ikishapita?

19. Msafiri wa Uvira (Uvira)

Ninaona wote mnabishana juu ya barabara, kana kwamba upande wa mashariki una barabara moja tu. Mimi nilipita ufukweni. Kutoka Bwejuu hadi Paje, na kutoka Paje hadi Jambiani, maji yakipwa mchanga ulio karibu na ukingo wa maji unakuwa mgumu kiasi cha kubeba baiskeli bila tairi kuzama, na unaendesha ukiwa na bahari kushoto kwako na minazi kulia, huku akina mama wakiwa mbali ndani ya maji ya magotini wakishughulikia mashamba yao ya mwani, yaliyofungwa kwenye kamba na vijiti. Nilisimama kwa mmoja wao aliyekuwa anarudi pwani na gunia kichwani. Aliniambia nisipite juu ya kamba hata kama naona maji ni machache, kwa sababu gurudumu moja linaharibu kazi ya wiki nzima.

Siri ni kujua bamvua. Siku chache baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mwandamo, maji hupwa mbali sana, na kwa Unguja hiyo huwa karibu saa nne au tano asubuhi, ambayo ni saa nzuri. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, yasiyopwa sana, ufukwe unabaki mwembamba, unaulizana na mawimbi na unasukuma kwenye mchanga mlaini. Waulizeni wenyeji wa kijiji, watawaambia bila kitabu.

Mimi sikuchoka. Sijui kama ni mchanga, au ni kwa sababu nilisimama kila mahali.

20. Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Msafiri wa Uvira, umenitia uchungu. Unapita ufukweni na baiskeli ya nani? Maji ya chumvi yanaingia kwenye mnyororo, kwenye gololi za kitovu cha gurudumu, kwenye spoku, na usiku huohuo kutu imeanza. Nikiwaza bolti ya tandiko la Mpanda Mlima, naijua historia yake yote bila kuiona: ilipita ufukweni na watu wa namna yako.

Anayelazimika kupita huko afanye hivi kabla ya kulala: amwage maji ya kisima yasiyo na chumvi juu ya mnyororo na magurudumu, asitumie maji ya kusukuma kwa nguvu kwa sababu yanaingiza mchanga ndani, afute kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kitoke safi, kisha atie tone la mafuta kwenye kila kiungo cha mnyororo, azungushe pedali kinyume, na afute tena mafuta ya juu, kwani mafuta yaliyobaki nje hukamata mchanga na kuwa msasa. Baiskeli iliyoachwa na chumvi siku mbili tu huwa nzito kukanyaga, na hiyo ni sababu nyingine ya uchovu ambayo hakuna aliyeihesabu.

21. Mwalimu wa Fizikia (Goma)

Ninapendekeza tutoke kwenye maneno. Mtu achukue kipande kimoja, Paje hadi Jambiani, aendeshe kwenda na kurudi alfajiri upepo ukiwa umelala, kisha arudie adhuhuri, baiskeli ileile, chakula kilekile. Tofauti itaonekana.

22. Muuguzi wa Bagira (Bukavu)

Itaonekana, Mwalimu, lakini adhuhuri haiji na upepo peke yake. Inakuja na joto, na jua la Dada wa Birere, na mwili uliokwisha kuendesha alfajiri. Utapima mambo manne kwa rula moja.

23. Dada wa Birere (Goma)

Na Msafiri wa Uvira amesema jambo ambalo limepitwa haraka: alisimama kila mahali. Sisi tulipokuwa tukienda kusini tulisimama Kizimkazi kuuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107 kwenye kibla chake, tukakaa ndani kwenye ubaridi, na tulipotoka miguu ilikuwa mipya. Upande wa mashariki hatukusimama kwa sababu tulidhani hakuna cha kuona zaidi ya bahari. Mpanda Mlima, wewe ulisimama wapi ulipokuwa ukienda Nungwi?

24. Mpanda Mlima (Bukavu)

Nilisimama Bububu kuuliza habari za ile reli ya zamani, ambayo nimeambiwa ilijengwa na Wajerumani, kisha Mangapwani kwenye pango na lile chumba walimofichwa watumwa, kisha Mkokotoni sokoni. Mashariki nilisimama kubadilisha mkono wa kusukuma baiskeli.

25. Mkongo wa Bububu (Unguja)

Reli ilijengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya 20, kutoka mjini hadi hapa Bububu, Wajerumani hawamo. Aliyekuambia ni jirani yangu, ninamjua kwa hadithi zake.

26. Mpanda Mlima (Bukavu)

Nimepanga kurudi mwezi wa pili. Swali la vitendo: nikitaka kuepuka mzunguko mrefu wa Jozani, kuna njia ya kuvuka Ghuba ya Chwaka pamoja na baiskeli?

27. Mkongo wa Bububu (Unguja)

Ipo. Unapatana na wavuvi pale Chwaka wakuvushe hadi Michamvi, na kutoka Michamvi kuna barabara hadi Bwejuu na Paje. Masharti ni mawili. Maji yawe yamejaa, kwa sababu yakipwa ghuba inabaki matope na nyasi za bahari na mashua haiendi popote. Na bei mpatane kabla baiskeli haijapakiwa, pamoja na mahali itakapolazwa, isije ikawekwa chini ya nyavu zenye maji. Kwa mwezi wa pili anzia Nungwi ushuke, kaskazi itakuwa mgongoni.

28. Muuguzi wa Bagira (Bukavu)

Mwezi wa pili ni katika miezi yenye joto kuliko yote huko. Upepo ukiwa mgongoni na mwendo wako ukilingana nao, hutasikia hata chembe ya hewa usoni, na jasho halitakauka kabisa. Beba chumvi, na uondoke kabla ya jua.

29. Mtoto wa Kamalondo (Lubumbashi)

Apitie kwanza huku kwetu afundishwe tambarare na watu wa makala.

30. Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Kabla ya kupita kokote apite hapa Kadutu nimpime mguu, nimpe na ufunguo wa namba kumi na tatu na mafuta kidogo ya kulegeza kutu. Bolti yoyote atakayoikuta huko ataigeuza.